Mafahali Wawili Ndani ya Laptopu Moja

Nianze na kosa langu mwenyewe, kabla sijawashukia wengine.

Mwaka 2024 dada yangu, aliye Msambweni, aliifikia zamu yake ya chama. Yeye ni mama wa viazi karai na bajia. Saa kumi za alfajiri mafuta yake yashachemka. Zile pesa alikuwa amezipigia hesabu ya kuezeka jiko kwa mabati, maana makuti yalikuwa yameoza na mvua ya masika ilikuwa ikimwagika mpaka chunguni. Akaghairi. Akanipigia simu: "Kaka, mtoto ameingia chuo, asomea mambo ya ramani. Walimu wataka kila mmoja awe na kompyuta yake. Mimi sijui kitu, wewe ndiwe fundi. Nisije nikapigwa."

Nikavuka feri. Maduka ya laptopu za mtumba pale kisiwani nayajua mlango kwa mlango. Nimekuwa nikinunua vipuri huko tangu nilipofungua kibanda changu Ukunda. Kijana wa duka akaniwekea mashine mbili mezani, za kampuni moja, ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Ya kwanza 26,000. Ya pili 33,000. Nikamuuliza tofauti ni nini. "Hii ya pili ina grafiki yake kando, mzee, giga mbili. Mtoto wa ramani si atataka hii?"

Na mimi, mtu wa kufungua matumbo ya mashine kila siku ya Mungu, nikaona haya kumnunulia mpwa wangu ile ya bei ndogo. Pesa za dada hazikutosha, nikaongeza zangu. Usiku ule nikafuta kilichokuwamo, nikaweka Ubuntu, nikaweka QGIS, programu ya ramani ambayo haidai senti. Nikawatumia picha. Dada akajibu kwa dua ndefu.

Wiki ya pili malalamiko yakaanza. "Mjomba, mapaja yaungua." "Mjomba, betri yaisha kabla somo halijaisha." Feni ilikuwa ikinguruma kama boda boda inayopanda mlima wa Kwale. Nikaletewa mashine, nikatazama, nikaona ile kadi ya pili inawaka kutwa kucha, hata kama mwenyewe anaandika barua. Nikaandika amri moja fupi, `sudo prime-select intel`, nikazima na kuwasha upya. Kadi ya pili ikalala. Betri ikatoka saa moja na nusu ikafika saa nne. Mpwa wangu akaniita Profesa. Nikatembea na jina hilo miezi mitatu.

Siku ikafika ya kuonyesha kazi mbele ya walimu na wageni. Alikuwa amechora ramani ya mikoko ya Gazi, wapi imekatwa, wapi imepandwa upya, mwaka kwa mwaka kutoka kwa picha za setilaiti. Kazi nzuri, na ya kwetu: Gazi ndiko wenyeji, kupitia Mikoko Pamoja, wamekuwa tangu 2013 wakilinda ule msitu na kuuza hewa ya ukaa iliyomo, na fedha zake kuingia kwenye maji na shule. Atakayeng'ara siku ile angepewa nafasi ya mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Akachomeka waya wa HDMI kwenye projekta. Ukuta mweupe. Akachomoa, akachomeka tena. Ukuta mweupe vile vile.

Akanipigia. Nilikuwa ndani ya feri, katikati ya maji, watu wamebanana. Nikajua papo hapo nimefanya nini. Nikamwambia airudishe ile kadi ya pili, azime awashe upya. Akafanya. Lakini siku mbili nyuma mashine ilikuwa imejisasisha, ikajiwekea kerneli mpya, na draiva ya ile kadi, iliyolala tangu nilipoizima, haikuendana nayo. Ikawaka gizani. Kioo cheusi na kistari kimoja kinapepesa kwenye kona. Hata ile ramani aliyokuwa akiiona mwenyewe, sasa hakuiona.

Nafasi akapewa mwenzake, aliyekuwa na laptopu kuukuu ya kadi moja.

Sitaji kampuni iliyotengeneza mashine ile, wala duka, wala chuo. Aliyekosa ni mimi, na kosa langu nataka nilieleze hadi mtu asiyejua kompyuta alielewe, kwa sababu naona likirudiwa kila wiki kutoka Lungalunga hadi Likoni.

Kila prosesa ya laptopu siku hizi, tuseme karibu zote, ina grafiki ndani yake. Ni ndogo, ni mpole, hula stima kidogo, na ndiyo inayochora herufi unazosoma. Baadhi ya mashine zimeongezewa kadi ya pili, yenye kumbukumbu yake na joto lake. Wazo lenyewe si baya: kazi ndogo ifanywe na ndogo, ikija kazi nzito kubwa iamshwe. Ajabu ni jinsi walivyoziunga. Katika laptopu nyingi za aina hii ile kubwa haina waya unaofika kwenye kioo. Inachora picha, kisha inamkabidhi mdogo aipeleke kioo. Lakini lile tundu la HDMI la ubavuni, la projekta, mara nyingi limeungwa kwa kubwa, na mdogo hana njia ya kulifikia. Kwa hiyo ukimwasha mkubwa, unachoma mapaja na betri. Ukimzima, unapoteza projekta. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mhandisi akaona atawaweka, na mlango wa mbele ampe huyu, wa nyuma ampe yule.

Kwenye Windows kuna programu ya kuwaamulia, na mara nyingi huwaamua vizuri, hilo nakubali. Nvidia ilipotangaza mpango wake wa Optimus mwaka 2010, ilikuwa imewatengenezea watu wa Windows. Sisi wa Linux tukabaki nje ya ua tukichungulia. Mwaka huo huo kerneli ya 2.6.34 ilikuja na kitu kinachoitwa vga_switcheroo, kazi ya Dave Airlie wa Red Hat, na jina lenyewe lakuonyesha hata mwenyewe alijua ni kiraka. Mwaka 2011 watu wa kujitolea wakaunda Bumblebee, ili programu moja moja iweze kuendeshwa kwenye kadi kubwa. Na hapo pana kisa ambacho mafundi wa Linux huhadithiana mpaka leo: hati ya kuisakinisha ilikuwa na nafasi moja iliyozidi katika amri ya kufuta, nafasi tupu, upana wa herufi moja. Badala ya kufuta folda moja ndogo iliyo ndani ya /usr, ikafuta /usr nzima, yaani karibu programu zote za mashine. Wasiolipwa hata shilingi walikuwa wakijaribu kufanya kazi ambayo kampuni tajiri iliikataa, na waliopoteza mashine zao wakawatukana hao hao.

Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Linus Torvalds mwenyewe aliulizwa kuhusu jambo hili. Akasema Nvidia ndiyo kampuni mbaya kuliko zote walizowahi kushughulika nazo, akageukia kamera, akainua kidole, akatukana. Vijana waliweka picha ile kwenye fulana. Mimi pia nilicheka. Lakini tusi halikuwasha projekta ya mtu. Kwa kadi zilizotoka kuanzia 2014 hivi, hali ikawa ngumu zaidi kwa wale wa Nouveau, waandishi wa draiva huria: kampuni ikataka kadi ikubali tu programu ya ndani yenye sahihi ya kampuni, na bila hiyo kadi inakwenda mwendo wa kinyonga, haipandi kasi. Ni 2019, kwa draiva ya 435, ndipo Nvidia ilipotoa njia rasmi ya kuiendesha programu moja kwenye kadi kubwa na nyingine zote kwenye ndogo. Tangu 2010, miaka tisa. Na Mei 2022 ikafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa kwenye kerneli, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea.

"Basi si mambo yametengenea?" Nimeulizwa hivyo, tena na mtu wa heshima, mwalimu wa kompyuta. Yametengenea Nairobi kwa mwenye kununua laptopu mpya ya laki mbili. Sisi tunanunua nini? Tunanunua za mtumba, hizi zinazoitwa "ex-UK," zilizotumiwa na ofisi za Ulaya miaka minne, mitano, zikaandikwa kuwa zimechoka, zikapakiwa kwenye kontena. Na draiva nazo zina umri wa kustaafu. Kadi za kizazi cha Fermi, draiva yake ya 390 iliachwa mwisho wa 2022. Za Kepler, ya 470, ikaachwa 2024. Za Maxwell na Pascal, hizi zilizojaa madukani sasa hivi, zimeambiwa tawi la 580 ndilo la mwisho wao. Baada ya hapo kerneli itaendelea kwenda mbele na draiva itabaki pale pale, mpaka siku moja uamke ukute kioo cheusi na kistari kinachopepesa. Mashine inafika Mombasa siku zile zile msaada wake unapozikwa. Muuzaji hakwambii, na sidhani hata anajua.

Sasa niwageukie wenzangu, maana hapa ndipo penye hasira yangu hasa.

Sisi wahubiri wa Linux tumekuwa waongo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuisasisha Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai, isipokuwa kwa chache sana, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Mashine nyingi nzima kabisa, zenye kibodi nzuri na vioo visivyo na mwanzi, zikawa mayatima. Watu wakaja vibandani. Na sisi tukasimama kama wauza dawa sokoni: Linux haina virusi, Linux ni nyepesi, Linux ni bure, lete mashine yoyote. Yoyote! Ndilo neno hilo lililoniponza. Si kweli kwamba ni yoyote. Linux inaishi vizuri kwenye mashine ambayo watengenezaji wake walifungua mikono, na inateseka kwenye mashine ambayo walifumba. Kumwambia mama wa viazi karai "yoyote" ni kumcheza shere kwa pesa za mabati yake.

Ukiwauliza wahubiri hawa kuhusu kadi mbili, watakujibu kwa amri. Fungua faili hii, ongeza mstari huu, weka toleo lile, kama haikubali jaribu usambazaji mwingine. Kila mmoja ana dawa yake na kila dawa ilimponya yeye. Mpwa wangu hakuingia chuo kusomea dawa hizo. Aliingia kusomea mikoko. Na lugha yenyewe ya dawa hizo ni Kiingereza cha mafundi, ambacho hata Mwingereza wa barabarani hakielewi. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili safi, na wengi wetu tuliona ule ndio mlango. Ulikuwa mlango kweli. Lakini ujumbe wa kosa unaotoka chini kabisa, pale draiva inapokataa, haujatafsiriwa na mtu, na ndio ujumbe pekee unaohitaji kuuelewa siku ya balaa.

Jambo jingine halisemwi kabisa, labda kwa sababu wanaoandika kuhusu laptopu wanakaa kwenye nchi za baridi. Joto. Mimi naishi mahali ambapo mwezi wa Machi hata ukuta watoka jasho. Upepo wa bahari waleta chumvi; nimefungua laptopu za hoteli za Diani nikakuta skurubu zimekuwa wekundu wa kutu na mapezi ya kupozea yameziba kwa uji wa vumbi na chumvi. Kila wati ya ziada inayochomwa na kadi isiyo na kazi ni joto linalotafuta pa kutokea, na nje hakuna baridi ya kulipokea. Feni inazunguka zaidi, inavuta chumvi zaidi, inakufa mapema. Halafu stima. Ikikatika Msambweni jioni, mwanafunzi mwenye betri ya saa nne amalize kazi yake. Mwenye saa moja na nusu aende kulala. Mtu wa London akisema "si neno, kadi inakula wati chache tu," kwake ni si neno kweli. Kwetu ni kazi ya darasa isiyokamilika.

Najua wapi nitapigwa. Vijana wa video. Diani ina harusi za ufukweni kila wikendi, ina droni, ina wapiga picha wa kuruka na parashuti, na vijana wetu wanaishi kwa kazi ile. Watasema, mzee, bila kadi kubwa tutahariri kwa nini? Hoja hiyo naiheshimu. DaVinci Resolve kwenye Linux inataka kadi yenye nguvu, haitanii. Blender nayo, ukitaka kuchora mwanga vizuri, inakuchosha bila kadi. Kwao nasema hivi: nunueni kompyuta ya mezani. Sanduku la mtumba, kadi moja kubwa ndani yake, waya unatoka kwenye kadi unaingia kwenye kioo, hakuna wa kumkabidhi mwenzake, hakuna wa kubishana. Itapoa vizuri kwa sababu ina nafasi, kadi ikifa unang'oa unaweka nyingine, na hakuna atakayeiiba mezani pa mkahawa. Wako wachache wanaohitaji kweli kuhariri safarini, na hao wanunue mpya, wenye Turing kuja juu, ambazo zajua kujizima kabisa zikikosa kazi. Waisome mashine kwanza jinsi msomi asomavyo mkataba wa shamba. Lakini tuulizane ukweli: katika kila laptopu kumi za kadi mbili zinazopita mikononi mwangu, za watu wa video ni ngapi? Nyingine zote ni za walimu, makarani, wanafunzi, na imamu mmoja anayeandika hotuba. Hata ile QGIS ya mpwa wangu sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na prosesa; grafiki ndogo inamtosha na inasaza.

Kwa nini basi wanazinunua? Kwa sababu ile ile iliyonipata mimi. Namba mbili ni kubwa kuliko moja. Kibandiko kinang'aa. Muuzaji ana neno la kusema. Na si duka tu. Nimewahi kuonyeshwa orodha ya vifaa vya mradi mmoja wa vijana, siutaji, kila laptopu iliandikwa lazima iwe na grafiki ya pembeni isiyopungua giga mbili. Kazi ya mashine zile ilikuwa kufundisha kuandika barua za maombi ya kazi na kutumia jedwali la hesabu. Nilipouliza nani aliandika sharti lile, nikaambiwa limenakiliwa kutoka orodha ya mwaka uliopita. Na ile ya mwaka uliopita? Kimya. Mtu mmoja zamani aliandika neno lililomfurahisha, na tangu hapo kila mlipa kodi analipia joto.

Kwa hiyo mimi sasa nimeacha kusema "yoyote." Akija mtu kibandani anataka Linux na hajanunua mashine, namfungia flashi yenye Ubuntu aende nayo dukani. Namwambia: waombe waiwashe laptopu kwa flashi hii, hapo hapo mezani, usiweke chochote. Fungua dirisha la amri uandike `lspci`. Tafuta mistari yenye VGA au 3D. Ukiona mmoja, wa Intel au wa AMD, endelea kupatana bei. Ukiona miwili, na wa pili ni wa Nvidia, rudisha mashine taratibu, kama anavyorudishwa samaki aliyelegea macho. Na waya wa HDMI usiuache nyumbani. Wauza laptopu wengi wana televisheni ukutani, chomeka uone. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata.

Jina la mashine pekee halitoshi, na hapa hata mafundi wanaanguka. ThinkPad T480, ambayo naipenda, nayo ipo ya kadi moja na ipo yenye MX150 ya pembeni. Umbo moja, jina moja, tumbo mbalimbali. Ya kadi moja ni mashine ya kuoa. Zile za AMD zenye Ryzen, kama T495 au EliteBook 745 G5, grafiki yake iko ndani ya prosesa na draiva yake, amdgpu, imo ndani ya kerneli yenyewe tangu 2015; hakuna cha kusakinisha, hakuna cha kustaafishwa na mkurugenzi aliye California. Wale ambao wameshanunua za kadi mbili, msitupe. Ingieni kwanza kwenye baiosi. Baadhi, kama ThinkPad T420 zile za zamani, zina mahali pa kuchagua kadi gani itumike. Mkizima kubwa kwa amri, kama nilivyofanya mimi, jaribuni projekta siku hiyo hiyo. Si miezi mitatu baadaye.

Na nasema haya kwenye jarida la fasihi kwa makusudi. Wengi wenu mnaandika hadithi na mashairi yenu kwenye laptopu hizi hizi za kontena, na najua wawili waliopoteza miswada wakihangaika kurudisha kioo kilichozimika. Mwandishi hahitaji kadi ya kuchora majoka.

Dada hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Kaka, si kitu, yote ni riziki," akanikaribisha bajia, na juu ya vichwa vyetu makuti yale yale. Mpwa nikampa mashine yangu mwenyewe, ya kadi moja, kibodi imefutika herufi ya A na ya N. Ile ya mafahali wawili nikabaki nayo. Ipo kibandani juu ya rafu, imechomekwa stima kutwa, napigia taarabu.

Jumamosi iliyopita akaingia kijana, mgeni, anatokea Shimoni. Akasimama akaitazama.

"Mzee, hii yauzwa?"

Nikamwambia inaweza kuuzwa, kulingana na yeye anafanya kazi gani. Akasema anaanza chuo mwezi ujao.

"Ina grafiki ngapi?"

"Mbili."

"Basi ni hiyo hiyo," akasema, akaingiza mkono mfukoni kutoa simu. "Nambari yako ya M-Pesa?"

Nikavuta kigoda, nikamwambia akae kwanza.